Mume wangu hataki tena habari za kanisa: niendelee kumhubiria, au ninyamaze na kuomba?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka kumi na moja katika ndoa na watoto watatu, tunaishi Morogoro. Mume wangu ni fundi magari. Zamani tulisali pamoja, naye alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini aliacha kanisa mwaka ule jina lake liliposomwa mbele ya washarika miongoni mwa watu ambao hawajamaliza ahadi ya ujenzi. Mimi niliokoka miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimejitahidi kumrudisha kwa Yesu. Naweka mahubiri kwenye spika kila alfajiri, nahudhuria mkesha kila Ijumaa, na nimepaka mto wake mafuta ya upako. Lakini amezidi kuwa mkali, hasa alipogundua kwamba sehemu ya ada ya mtoto niliitoa kanisani kama sadaka ya mbegu, na anasema nimeolewa na kanisa. Wenzangu wa maombi wanasema nikemee pepo aliye ndani yake. Mama mkwe anasema ninyamaze tu. Nifanye nini? Tena mtumishi anayeongoza mkesha wetu anataka kuja nyumbani kumwombea. Nimruhusu?

JIBU: Amina, dada yangu, Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya lolote nataka ujue kwamba shauku yako ya kumwona mumeo akimrudia Bwana ni shauku njema, wala katika haya nitakayoandika hakuna neno linalokutaka uipunguze. Umepewa mashauri mawili, la kukemea na la kunyamaza, na naona kwamba yote mawili yanamwacha mumeo nje ya jambo linalomhusu yeye kwanza: la kwanza linamfanya uwanja wa vita, la pili linamhesabu kama mtu asiyestahili kuambiwa kitu. Maandiko yanatuonyesha njia nyingine, nayo ni kuishi na mtu na kumwombea kwa namna itakayomfanya aulize mwenyewe, kumjibu kwa upole anapouliza, na kumwachia kwa dhati uhuru wa kukubali au kukataa.

Bila shaka umeshasomewa 1 Petro 3:1-2, mahali ambapo mtume anasema kwamba waume wasioliamini Neno wanaweza kuvutwa kwa mwenendo wa wake zao. Barua ile iliandikwa kwa Wakristo waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, sehemu ambazo leo zimo ndani ya Uturuki, na katika jamii za wakati ule mke alitarajiwa kuiabudu miungu ya mumewe. Mwanamke aliyemwamini Kristo peke yake katika nyumba ya namna hiyo alikuwa tayari amechukua hatua ya ujasiri mkubwa, na Petro hamwambii arudi nyuma wala aifiche imani yake. Mama mkwe wako ameishia hapo kwenye aya ya pili, lakini sura ile inaendelea, na katika aya ya 15 waamini wote, wanawake kwa wanaume, wanaambiwa wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, “lakini kwa upole na kwa hofu”. Mwenendo unatangulia, swali linafuata, na jibu linakuja likiwa limeombwa. Paulo naye, katika Wakolosai 4:2-6, anaanza na kuomba ili Mungu afungue mlango kwa lile neno, kisha anawataka watu waenende kwa hekima mbele yao walio nje, na mwishoni ndipo anapoyafikia maneno, ambayo anataka yawe na neema na kukolea munyu.

Basi tuangalie kile anachokiona mumeo. Mtu amerudi gereji usiku, amelala akiwa na grisi kwenye kucha, na saa kumi na moja alfajiri sauti ya mhubiri asiyemjua inamwamsha kutoka kwenye spika iliyo sebuleni, ikimwambia atubu. Ijumaa anabaki na watoto watatu mpaka kunakucha. Siku moja anageuza mto wake na kukuta doa la mafuta ambalo hakuambiwa limetoka wapi. Dada yangu, mwanamume aliyekulia kwetu akikuta doa kama hilo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni limbwata, na kwa upande wake hana kosa kufikiri hivyo, kwa sababu ametendewa jambo kwa siri ili moyo wake ugeuzwe pasipo yeye kujua. Najua nia yako ilikuwa sala. Lakini soma tena Yakobo 5:14, andiko ambalo kanisa hulitegemea katika kupaka mafuta: aliye hawezi ndiye anayewaita wazee wa kanisa, nao wanakuja kumwombea na kumpaka. Anayepakwa ndiye anayeita. Injili haiingizwi kwa mtu kwa mlango wa nyuma, na sala inayohitaji kufichwa kwa yule anayeombewa, kwa kuwa angeikataa kama angeijua, imeanza kufanana na mambo tuliyoyaacha.

Mkesha nao unahitaji kuangaliwa kwa macho ya Maandiko. Katika 1 Wakorintho 7:5 Paulo anawaambia wanandoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda ili wapate faragha kwa kusali, kisha warudiane. Huyo ni Paulo, mtu wa sala na mwenye kuheshimu sana useja, na hata yeye anasema kwamba mwanandoa hajitengi kwa ajili ya kusali ila kwa mapatano. Sasa kaa na mumeo umuulize ni Ijumaa ngapi kwa mwezi anaona ni sawa wewe kwenda. Akisema moja, nenda hiyo moja kwa amani, na nyingine tatu uwe nyumbani kwa amani ileile, bila kununa na bila kuwatumia wenzako ujumbe wa kulalamika kwamba umezuiwa na adui.

Halafu kuna ada ya mtoto, na hapa sitapunguza ukali wa neno. Fedha ile ilikuwa ya nyumba nzima, na ilitolewa kwa siri. Ukitaka mumeo auone wokovu wako, anzia hapo. Wakristo wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu nzuri ya jambo hili katika Uamsho ule ambao mizizi yake ni Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, na katika miaka iliyofuata moto ule ulienea mpaka Kenya, Burundi na nchi yetu, ukipitia Buhaya, upande wa Bukoba. Mahubiri yalikuwepo, na wimbo wa Tukutendereza uliimbwa kila mahali, lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba watu waliookoka walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni waliyokuwa wameyakana, na waliwaendea watu waliowakosea, wakiwemo wamisionari na Waafrika waliokuwa wamedharauliana, wakaomba radhi. Sisemi kwamba Uamsho ule haukuwa na kasoro. Palikuwa na walokole waliowahukumu wenzao kuwa wamelala usingizi wa kiroho, na maneno hayo yaliwafunga watu badala ya kuwafungua. Lakini mwenye duka aliyeletewa fedha aliyoibiwa miaka mingi nyuma alikuwa na sababu ya kuuliza kulikoni. Mwambie mumeo: “Baba, ile fedha niliitoa bila kukuambia. Nilikukosea wewe na mtoto. Nitairudisha kidogo kidogo, na sitafanya hivyo tena.” Usiongeze andiko, na usiongeze kwamba Roho ndiye aliyekushuhudia uombe msamaha. Irudishe tu, hata kama ni elfu tano kwa wiki.

Lakini sentensi iliyonisimamisha zaidi katika barua yako ni ile uliyoipita haraka, kwamba mumeo alikuwa mwanakwaya na aliacha kanisa mwaka jina lake liliposomwa. Miaka hii miwili umekuwa ukitafuta kitu kinachomzuia, na wewe mwenyewe umekiandika. Sijui mwaka ule hali yake ya kazi ilikuwaje. Je, wewe ulishawahi kumuuliza? Mwanamume aliyesimama mbele ya madhabahu akiimba sauti ya nne, kisha akakaa benchini akisikia jina lake likitajwa miongoni mwa wanaodaiwa, alipata jeraha ambalo mahubiri ya alfajiri hayawezi kulitibu, kwa sababu jeraha lenyewe lilitolewa na sauti kama hiyohiyo. Sitakubali aitwe mwenye pepo. Mtu anaweza kukataa kurudi mahali alipoaibishwa akiwa na akili timamu kabisa, na huenda imani yake bado ipo chini ya aibu ile.

Kwa hiyo, siku moja ambayo hakuna ugomvi, pengine Jumapili alasiri akiwa anafungua kabureta ya pikipiki ya jirani pale uani, mpelekee chai na umuulize: “Siku ile walipolisoma jina lako, ulijisikiaje?” Kisha usikilize mpaka mwisho. Atasema maneno makali juu ya kanisa, na baadhi yake yatakuwa ya haki. Usiwatetee wazee, usimwambie kwamba kanisa ni la Mungu na si la wanadamu, wala usimkumbushe wajibu wa kusamehe. Akimaliza, mwambie kwamba unasikitika na kwamba hukupaswa kumwacha abebe jambo lile peke yake. Ikiwa baadaye yeye mwenyewe ataona ni vema, nenda kwa mzee wa kanisa mnayemheshimu wote wawili, umweleze, ili aje kuomba radhi kwa niaba ya waliohusika. Aje kwa ajili ya hilo peke yake, anywe chai, aondoke. Kumshuhudia mtu aliyejeruhiwa na waamini huanza na waamini kukiri walichotenda, na nasikitika kwamba sisi watumishi tunalisahau hilo kuliko watu wengine wote.

Unaweza kuniuliza kama njia hii iliwahi kuzaa matunda. Nitakupa mfano wa mwanamke Mwafrika wa karne ya 4, Monika wa Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria. Tunazijua habari zake kwa sababu mwanawe, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 na baadaye akawa askofu, aliziandika. Mume wake, Patrisio, hakuwa Mkristo. Alikuwa mkarimu, lakini mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakumpinga katika saa ya hasira, kwa tendo wala kwa neno, ila alisubiri atulie, na alipokuwa ametulia ndipo alipomweleza kwa nini alitenda kama alivyotenda. Tafadhali liangalie hilo kwa makini, kwa kuwa wengi humtaja Monika kama mfano wa mke aliyenyamaza, na hakunyamaza, alichagua wakati. Mama mkwe wake, ambaye mwanzoni alikuwa amejazwa maneno na wajakazi, naye alivutwa na uvumilivu wake. Patrisio akaja kuamini na kubatizwa mwishoni mwa maisha yake, baada ya miaka mingi ya ndoa.

Kwa mwanawe safari ilikuwa ngumu zaidi. Augustino alipojiunga na madhehebu ya Mani, mwalimu wa Uajemi aliyefundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, Monika kwanza alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja, kisha akamrudisha nyumbani baada ya kuona ndoto iliyompa tumaini. Akamwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na kijana yule na kuyapangua makosa yake. Askofu alikataa, akisema kwamba kijana bado amejaa majivuno ya mambo mapya, na kwamba amwache alipo na amwombee tu Bwana, kwa maana akiendelea kusoma atagundua mwenyewe. Askofu huyo naye alikuwa amelelewa na watu wa Mani akiwa mtoto, na aliwaacha pasipo kushindwa na mtu yeyote katika mabishano. Monika alipozidi kulia na kusihi, askofu alimwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Baadaye Augustino alimdanganya mama yake, akapanda merikebu usiku kwenda Roma huku yeye akiwa katika nyumba ya sala karibu na bandari ya Karthago, akiomba mwanawe asisafiri. Sala ile ya usiku ule haikujibiwa kama alivyotaka, na ni kwa safari hiyohiyo Augustino alifika Milano na kukutana na askofu Ambrosio. Augustino mwenyewe anaeleza kwamba alianza kumpenda Ambrosio kwanza kama mtu aliyemtendea wema, kabla ya kumpenda kama mwalimu wa kweli. Alibatizwa katika Pasaka ya mwaka 387, na mama yake akafariki mwaka huohuo huko Ostia.

Kuna sehemu moja ya habari za Monika ambayo sikupi kama kielelezo. Wanawake wenzake waliokuja kwake wakiwa na alama za kipigo usoni aliwashauri wajihesabu kuwa watumishi wa waume zao na wasiwapinge. Ushauri ule ulikuwa wa wakati wake, na mimi siungi mkono mtu yeyote kuurudia leo. Umeandika kwamba mumeo amezidi kuwa mkali. Kama ukali huo ni wa maneno, haya niliyoyasema yanakufaa. Kama amekupiga au anatishia kukupiga, upole wa Petro haukudai ubaki mahali pa hatari: waambie ndugu wa pande zote mbili, na fika kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Maombi yangu kwako hayatapungua ukifanya hivyo.

Kuhusu sala, wewe ni mwombaji na sihitaji kukufundisha kuomba, ila nataka kukuonyesha mahali inapopotea. Mtoto anapopiga magoti kabla ya kulala, na mama anamwombesha kwa sauti, “Ee Yesu, mwokoe baba, mtoe katika giza,” huku baba yuko chumba cha pili na mlango uko wazi, hayo yamekuwa mahubiri yanayosemwa macho yakiwa yamefumbwa, na mtoto amefanywa mjumbe. Katika Mathayo 6:6 Bwana anasema tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Yale mazito juu ya mumeo yaseme huko, kwa sauti ambayo Mungu peke yake anaisikia. Mbele ya watoto, mshukuruni Mungu kwa ajili ya baba: kwa kazi ya mikono yake, kwa chakula alicholeta, kwa kurudi salama. Utaona kwamba shukrani ya namna hiyo ikisemwa kila jioni inabadilisha kwanza jicho lako wewe, kwa sababu ni vigumu kumdharau asubuhi mtu uliyemshukuru Mungu kwa ajili yake usiku. Na huko sirini, usimwombe Mungu amvunje wala amnyenyekeze kwa kumfilisi, kama nilivyosikia baadhi ya watu wakiomba juu ya wenzi wao. Mwombe afungue mlango, na akupe wewe subira ya kutousukuma.

Mlango ukifunguka, pengine utakuwa swali dogo, na litakuja wakati usiolitarajia: “Siku hizi mbona huweki tena spika?” Au, “Hivi wewe unapata nini huko?” Jibu kwa kadiri ya swali. Mwambie kwa maneno yako ni nini Kristo amekutendea, jambo moja la kweli analoweza kulipima kwa kukutazama, kisha nyamaza umwachie nafasi. Akileta hoja usiyo na jibu lake, mwambie huna jibu na kwamba utalifikiria. Akicheka, usikasirike, Paulo anamwambia Timotheo katika waraka wake wa pili, 2:24-25, kwamba mtumwa wa Bwana hapaswi kuwa mgomvi, bali awe mwanana kwa watu wote, mvumilivu, akiwaonya kwa upole wanaoshindana naye, kwa kuwa ni Mungu anayewapa watu kutubu. Huwezi kulifanya wewe hilo la mwisho. Paulo huyohuyo anamuuliza mke aliye katika hali yako, 1 Wakorintho 7:16, anajuaje kama atamwokoa mumewe, na analiacha swali likiwa wazi. Mimi nami siwezi kukuahidi mwaka wala miaka. Hata akikataa mpaka mwisho, kumtendea kwa haki na upole hakutakuwa kazi iliyopotea, kwa maana ni mumeo, na anastahili kutendewa hivyo hata asingewekwa katika orodha yoyote ya watu wa kuombewa.

Kuhusu mtumishi wa mkesha, mshukuru na umwambie asije kwa sasa. Nyumba hiyo ni ya mumeo pia, na mgeni wa maombi ambaye hakualikwa naye atakuwa wa pili kulisoma jina lake mbele ya watu. Siku mumeo atakaposema mwenyewe, “Mwite,” muulize kwanza angependa aitwe nani, na umwite huyo atakayemtaja.